Kosa la Kubaka Halimalizwi kwa Mbuzi

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Komite imeomba yachapwe hapa juu ya wale ambao hawakufika, na juu ya wafadhili wetu.)

 

Komite ilituomba tuseme juu ya "sheria mpya za wanawake". Tulipouliza ni zipi, mzee mmoja alijibu: "Si zile zinazofunga wanaume?" Watu walicheka, na sisi tulicheka. Lakini jibu lile lina ukweli wake, ndiyo maana tunaanza nalo. Vijijini sheria hizi zinajulikana kwa kitu kimoja tu: kasho. Mwanamke anapata nini ndani yake, binti anapata nini, hilo halijulikani sana. Na sisi tunaozunguka kila juma tunaona kwamba hata pale mwanaume anapofungwa, mara nyingi mwanamke ndiye anayebaki na deni.

Kwanza, si sheria mpya. Zile kubwa mbili, namba 06/018 na 06/019, zilitiwa sahihi tarehe 20 Julai 2006. Mtoto aliyezaliwa siku ile leo ni mtu mzima. Wakati ule wengi wenu mlikuwa bado ng'ambo ya ziwa, Nyarugusu, Lugufu, wengine Burundi. Sheria ilifika nyumbani kabla yenu. Mliporudi mliikuta imekaa, na hakuna aliyewaketisha kuwaeleza, kama vile hakuna aliyewaeleza nani analima shamba lenu.

Zilibadilisha nini? Kitabu cha makosa tulichokuwa nacho ni cha tarehe 30 Januari 1940, cha wakati wa Wabelgiji. Ndani yake kubaka kulikuwa kosa la kumtendea mwanamke, basi. Sheria ya 2006 imesema mtu yeyote anaweza kubakwa, mwanaume au mwanamke, na adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 20 na faini isiyopungua franga 100.000. Kisha ikaleta makosa ambayo zamani hayakuwa na jina kwenye kitabu. Kumsumbua mtu juu ya ngono, kama yule mwalimu anayesema "pointi zako ziko kwangu", ni miaka 1 hadi 12. Kumwozesha mtu kwa nguvu ni miaka 1 hadi 12 vilevile, na adhabu inaongezwa mara mbili kama aliyeozeshwa hajatimiza miaka 18. Angalieni vizuri nani anayeadhibiwa kwa kosa hili la mwisho. Ni mwenye mamlaka juu ya mtoto: baba, mjomba, mlezi. Miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Januari 2009, sheria ya ulinzi wa mtoto ikapanda zaidi: kubaka mtoto ni miaka 7 hadi 20.

Wale waliokaa kambini wanatuambia: "Kule Tanzania ni miaka 30." Ni kweli, tangu sheria yao ya 1998 kubaka kule kunaanzia miaka 30 jela. Lakini kule kule sheria ya ndoa ya 1971 iliruhusu binti kuolewa na miaka 15 kama wazazi wamekubali. Mahakama Kuu yao ilisema mwaka 2016 kwamba jambo hilo linapingana na katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali vilevile mwaka 2019. Tunalisema hapa sababu kuna familia zilizorudi na mkamwana wa miaka 16, wanasema "kule ilikuwa halali". Hapa si halali. Umri wa kuoana Kongo ni miaka 18, kwa msichana na kwa mvulana, na kuvuka ziwa hakumwongezei mtoto miaka.

Sasa tuje kwenye mbuzi.

Tunajua wote namna mambo yanavyokwenda. Binti wa miaka 14 amepatwa na shida njiani akitoka kuchota maji. Mama yake anajua usiku uleule. Asubuhi baba anajua. Mchana wazee wa pande mbili wako chini ya mti, na jioni kuna masikilizano: mbuzi watatu, kitenge, na samahani. Mbuzi mmoja anachinjwa palepale sababu wazee wamechoka na wana njaa. Binti hakuitwa. Kilinike hakufika. Siku tatu zimepita, na masaa 72 ya dawa za kuzuia ukimwi yamepita nazo.

Hatusemi hadithi ya kijiji kimoja. Tumeikuta sehemu nyingi, na majina tunayaacha. Tunasema pia wazi kwamba waliokaa chini ya ule mti si watu wabaya. Wanaogopa kisasi. Wanajua kwamba familia hizi mbili zitaendelea kulima bonde moja. Masuluhisho ndiyo yaliyotuokoa wengi wetu tuliporudi na kukuta nyumba zetu zina watu. Kama kila shamba lingekwenda tribinali, tungekuwa bado tunapanga mstari. Mituelle hii imesuluhisha mipaka, madeni, ng'ombe waliokula mihogo. Endeleeni. Lakini ng'ombe kula mihogo ni jambo la watu wawili. Kubaka, sheria inasema, ni jambo la Serikali, hata kama familia zimeshikana mikono. Kuondoa malalamiko hakufungi faili. Parke inaweza kuendelea. Na ile faini ya kumalizia kesi kwenye ofisi, ile watu wanaita "amande", mtu analipa na karatasi inafungwa, sheria ya 2006 imeikataa kabisa kwa makosa ya ngono. Kwa hiyo, ofisa anayewaambia "leteni kitu tuimalize hapa" anavunja sheria anayolipwa kuilinda.

Kuna mama alituuliza swali ambalo tulilibeba juma zima. Alisema: "Nyinyi munatukataza mbuzi. Sawa. Ile franga laki moja ya tribinali, ni ya binti yangu?" Hapana, mama. Faini ni ya Serikali. Binti hapati hata franga moja kutoka kwenye faini. Njia ya kudai fidia ni yeye au mzazi wake aombe fidia ndani ya kesi, ajiandikishe kama mwenye kudai. Asipoomba, jaji anaweza kumfunga mtu miaka 20 na binti arudi nyumbani mikono mitupu. Na hata akipewa fidia kwenye karatasi, kwa miaka mingi kulikuwa na ada ya kulipwa Serikali ili hukumu itekelezwe, isipokuwa kwa mwenye hati ya umaskini. Hati hiyo ilipaswa kutafutwa mapema, si siku ya mwisho.

Hapo ndipo mnaona kwa nini mbuzi anashinda. Mbuzi anafika jioni ileile. Sheria inaomba safari. Kesi ya kubaka haihukumiwi na tribinali ya amani, sababu kifungo chake ni kirefu. Inapanda tribinali kubwa. Kwa mtu wa milimani hiyo ni siku ya kutembea kabla hata hajaona pikipiki, kisha barabara ya ziwa, kisha kulala kwa mtu. Kuna kilinike, kuna polisi, kuna parke, kuna kurudi tena sababu opeje amesafiri. Kuna ofisi ambazo mlalamikaji anaambiwa alete karatasi na kalamu, na mafuta ya pikipiki ya kumkamatia mtu. Sheria haisemi hivyo. Lakini mama akikataa kutoa, mtu hakamatwi. Na siku hizo zote shamba linamea majani, na mume anauliza kila jioni hizi safari zinaisha lini.

Kwenye karatasi mambo ni mazuri kweli. Opeje akipata kesi ya ngono anapaswa kumjulisha mwendesha mashtaka ndani ya masaa 24. Uchunguzi wa kwanza usizidi mwezi mmoja. Kusikilizwa na kuhukumiwa kusizidi miezi mitatu. Mlalamikaji ana haki ya kusaidiwa na avoka tangu mwanzo. Mwendesha mashtaka au jaji ndiye anayemwita daktari na mtaalamu wa moyo, si familia. Kesi inaweza kusikilizwa milango imefungwa kama mwanamke ameomba. Na kuna jambo moja ambalo tungependa kila mama alishike kichwani: jaji haruhusiwi kusema "alinyamaza, basi alikubali". Haruhusiwi pia kupima ukweli wa mwanamke kwa maisha yake ya zamani, alikuwa na nani, alizaa na nani. Kwa maoni yetu kipengele hicho ni kizito kuliko hesabu ya miaka ya jela. Miaka ya jela inamhusu mwanaume. Kipengele hicho kinamfanya mwanamke awe shahidi kamili kama mtu mwingine.

Msisahau tulikotoka. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume ili asimame mahakamani kwenye kesi ya madai, anunue, auze, ajifunge kwa mkataba. Kwenye uzinzi, mke alikuwa na kosa kila mara. Mume alikuwa na kosa kama tu mambo yake yamezidi hadi kuwa tusi kubwa kwa mke. Kitendo kimoja, mizani miwili. Ruhusa ya mume iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016, na mizani ya uzinzi ikasawazishwa. Hata hivi, mume ameendelea kuandikwa kuwa kichwa cha nyumba. Na kwa miaka mingi hatukuwa na kosa lenye jina lake kwa mwanaume anayempiga mke wake. Alishtakiwa kwa kupiga na kujeruhi, kama vile walipigana sokoni. Ndiyo maana tunaona jambo la ajabu kwenye tereni: mwanamke aliyepigwa, au aliyefukuzwa kwenye nyumba ya marehemu, anakuja anasema amebakwa, sababu amesikia kwamba huo ndio mlango ulio wazi, wenye dawa, avoka na usafiri. Wafadhili, neno hili tunawaelekezea ninyi kwa heshima. Mkifungua mlango mmoja tu, watu watapita hapo hata kama shida yao ni ya mlango mwingine. Kisha mtu anasimama anasema "wanawake wanadanganya", na yule aliyebakwa kweli anapoteza masikio ya watu.

Kuna upande mwingine, na vijana wa kiume wametuomba tuuseme. Kijana ana miaka 19, msichana ana 17, wanapendana, mimba imeonekana. Sheria haihesabu neno "alikubali" la mtoto aliye chini ya miaka 18. Baba wa msichana anajua hilo vizuri sana. Anakwenda polisi, kijana analala kasho, na baada ya siku chache wazazi wa kijana wanakuja na mali ya kuoa. Mali ikitimia, malalamiko yanapotea, na msichana anapelekwa kwa wakwe.

Hesabuni pamoja nasi. Baba alitumia kosa la kubaka ili apate mahari, kisha akamwozesha mtoto wa miaka 17, na hilo ni kosa jingine, la kwake yeye mwenyewe. Kijana ametoka kasho na deni. Na msichana, ambaye sheria yote hii iliandikwa kwa ajili yake, hakuna aliyemwuliza kama anataka kuolewa, kama anataka kurudi shule, kama kweli alipenda au alilazimishwa. Wengine walilazimishwa, tuseme ukweli; kwa sababu baba amefika na hesabu ya ng'ombe, hakuna anayesikia. Watu wengine wanasema basi sheria ni mbaya, umri ushushwe. Sisi hatukubali. Umri wa 18 umewatoa mabinti wengi kwenye mikono ya watu wazima. Tunachoona ni kwamba sheria iliyoandikwa juu ya mwili wa binti imebaki mkononi mwa baba, kama vile ng'ombe wa mahari walivyokuwa mkononi mwake zamani.

Jambo la mimba linagusa pia wale waliobakwa. Kitabu cha makosa kinamfunga mwanamke aliyetoa mimba miaka 5 hadi 10, na aliyemsaidia miaka 5 hadi 15. Lakini nchi yetu imekubali Protokoli ya Maputo, ikachapishwa kwenye Gazeti Rasmi mwezi wa 3 mwaka 2018. Protokoli ile inaruhusu mimba iondolewe na daktari ikiwa imetokana na kubakwa au na ndugu wa damu, au ikiwa inahatarisha maisha au afya ya mama. Mwezi uliofuata waraka ulitumwa mahakamani kukumbusha kwamba protokoli inatangulia. Tunajua humu ndani kuna wachungaji na masheikh, na kila mtu ana imani yake, hatukuja kuibishania. Tunasema tu kwamba binti aliyebakwa asitishwe kwa jela, na asiende kunywa majani ya kumwua kwa kuogopa kasho.

Mtatuuliza: je, mwenye cheo anaweza kuhukumiwa? Hapa Baraka hamhitaji kuambiwa na mgeni. Tarehe 1 Januari 2011 askari walivamia Fizi, wakabaka wanawake usiku ule. Mwezi wa 2 mahakama ya kijeshi ya kuzunguka ilikaa hapahapa, wanawake karibu 50 walitoa ushahidi, na tarehe 21 Luteni-Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Mnamo Desemba 2017, kule Kavumu, mbunge wa jimbo alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mambo yaliyofanyiwa watoto wadogo wa kike. Sheria ya 2006 inasema cheo hakimwokoi mtu, na siku hizo ilionekana. Mahakama zile zilikuja sababu kulikuwa na pesa za kuzileta. Pesa za mradi zikiisha, jaji anabaki mjini. Wafadhili wanapenda kuhesabu hukumu. Tungeomba mhesabu pia wanawake waliofika kilinike kabla ya masaa 72, na mwaka mmoja baada ya hukumu mje mwone nani amelipwa.

Juu ya malipo: sheria namba 22/065 ya tarehe 26 Desemba 2022 imeweka mfuko wa Serikali, FONAREV, kwa waliobakwa kwenye mambo ya vita na makosa mengine makubwa ya vita. Wamama waliopatwa wakati wa kukimbia wana haki ya kujiandikisha. Aliyebakwa na jirani wakati wa amani hayumo. Msimlipe mtu yeyote anayewaambia atawapitisha haraka.

Tumebakiza mambo matatu tuliyoleta kwa komite, na tumeyaandika ili mjadili bila sisi.

Komite ya masuluhisho isikae tena juu ya kubaka wala juu ya ndoa ya mtoto. Ikiletewa, ifanye kitu kimoja: impeleke mtu kilinike siku ileile. Kwanza dawa, polisi baadaye. Masaa 72 kwa ukimwi, siku 5 kwa kuzuia mimba. Kilinike isidai karatasi ya polisi ili itibu.

Sanduku la mituelle linatoa msaada kwa msiba, kwa uzazi, kwa nyumba iliyoungua. Liongezwe mstari wa nne: safari ya mwanamke au mtoto mwenye kesi, na chakula cha watoto aliowaacha nyumbani. Wengine wametuambia pesa ile itatumika vibaya. Inaweza. Mlisema hivyohivyo juu ya pesa ya msiba, na daftari la msiba mpaka leo liko safi, tumeliona.

La tatu linahusu viti. Komite ina watu tisa na wamama wawili, na mmoja ndiye anayepika siku ya mkutano. Katiba ya nchi, kipengele cha 14, inasema juu ya usawa kwenye vyombo vyote. Tunaomba wamama watatu wachaguliwe na wamama wenyewe, ambao kazi yao ni kukaa na binti pembeni, bila baba, bila mjomba, na kumwuliza anataka nini kabla mtu yeyote hajaenda popote.

Mwenyekiti ametuonyesha saa. Yule mama aliye nyuma, mwenye mtoto mgongoni, aliinua mkono hata kabla hatujaanza. Tuanze na swali lake.